Kasri la Askofu Aliyeponea Chupuchupu

Ukisimama katikati ya uwanja wa Obradoiro mjini Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania, utawaona mahujaji wakiingia mmoja mmoja na kwa makundi. Wamechoka, wengine wameloa chapachapa, maana mkoa huu wa Galicia haukaukiwi na mvua. Karibu wote hufanya jambo lile lile: wanatua mizigo, wanaigeukia minara miwili ya kanisa kuu, wanainua simu. Kushoto kwa minara hiyo kuna ukuta mpana wa jiwe la matale, wa kijivu, hauna mbwembwe. Hakuna anayeupiga picha. Wengi hudhani ni ofisi za kanisa, na hawajakosea sana, kwa kuwa makazi ya askofu mkuu wa leo bado yameungana na jengo hilo.

Ukuta huo ndio ubavu wa kasri la Diego Gelmírez, askofu wa mji huu katika karne ya 12. Vitabu vya watalii husema ni miongoni mwa mifano bora ya majengo ya mtindo wa Romaneski, ule wa kuta nene na matao ya duara, yasiyokuwa makanisa nchini Hispania, kisha vinakuhamishia kwenye habari za mikahawa. Sawa, usanifu wake ni mzuri na nitaufikia. Lakini ukiniuliza mimi, nyumba hii haieleweki mpaka ujue kwanza kwa nini ilijengwa upya, na nani aliyeiharibu ile iliyoitangulia. Ilijengwa na mtu ambaye watu wa mji wake mwenyewe walikuwa wamemkosakosa kumuua.

Sisi nyumba ya askofu tunaijua: geti, mlinzi, masista jikoni, gari jeupe chini ya mwembe. Ya Compostela katika karne ya 12 ilikuwa jambo jingine kabisa. Ilikuwa mahakama, ghala la ushuru, ukumbi wa karamu, kambi ya askari na, siku ikiharibika, ngome. Askofu wa hapo hakuwa mchungaji wa roho tu. Mji ulikuwa mali yake.

Ilivyokuwa ni hivi. Mnamo karne ya 9, Askofu Teodomiro wa Iria Flavia, mji wa kale ulioko safari fupi kusini-magharibi, alitangaza kwamba kaburi la Mtume Yakobo, mwana wa Zebedayo, limeonekana porini. Mfalme akajenga kanisa juu yake na kuwapa maaskofu ardhi ya kulizunguka. Watu wakaja, na palipo na watu pakazuka wa kuwauzia. Basi kila aliyefungua tanuri la mkate, kibanda cha viatu au nyumba ya wageni karibu na kaburi alikuwa anakaa juu ya ardhi ya askofu. Askofu aliweka mahakimu, alikusanya ushuru wa soko na, kufikia wakati wa Gelmírez, alikuwa amepewa na mfalme hata haki ya kupiga sarafu.

Alikuwa pia ndiye mlinzi. Mwaka 997 jeshi la al-Mansur, mtu mwenye nguvu kuliko wote katika ukhalifa wa Córdoba, liliuangamiza mji huo, na kengele za kanisa zikachukuliwa hadi Córdoba. Kaburi lenyewe al-Mansur aliliacha. Katika karne iliyofuata Askofu Cresconio alijenga kuta na minara, kwa sababu maharamia wa kaskazini nao walikuwa wakipanda mto na mashua zao. Hivyo anayekukata ushuru ndiye anayekuzungushia ukuta. Kwa muda fulani biashara ya namna hiyo huenda vizuri.

Gelmírez hakutoka katika ukoo mkubwa wa kutisha. Baba yake alikuwa msimamizi wa Torres de Oeste, ngome iliyolinda mdomo wa mto Ulla pale Catoira, na mabaki ya minara yake bado yamesimama kando ya maji. Kijana akasoma, akawa katibu wa Raymond wa Bourgogne, mtu wa Ufaransa aliyemwoa Urraca, binti wa Mfalme Alfonso wa Sita. Akapewa kusimamia mali za jimbo wakati kiti kikiwa wazi, akazijua hesabu zote, na mwaka 1100 akachaguliwa kuwa askofu. Sishangai. Anayeshika daftari la mapato haachwi mbali na kiti.

Kisa kimoja kinamweleza vizuri. Mwaka 1102 alikwenda kutembelea Braga, ambayo sasa iko Ureno. Braga ilikuwa jimbo la zamani, lenye heshima na masalia ya watakatifu wengi; Compostela ilikuwa na Mtume, ndiyo, lakini Gelmírez alitaka zaidi. Alipokewa kwa heshima na mwenyeji wake, akasali, akala, na kabla ya kuondoka watu wake wakafukua masalia ya Mtakatifu Fructuoso, Silvestre, Cucufate na Susana, wakayapitisha kimya kimya hadi ng'ambo ya mto Miño. Compostela iliyapokea kwa maandamano na nyimbo. Tarikhi ya askofu mwenyewe, iitwayo Historia Compostelana, inakiita kitendo hicho wizi wa kumcha Mungu, bila haya. Mmoja wa walioiandika, Hugo, alikuwa katika msafara huo huo wa wizi, na baadaye alikuja kuwa askofu wa Porto. Masalia ya Fructuoso yalirudishwa Braga mwaka 1966. Susana hata leo ana kanisa lake katika bustani ya Alameda ya Compostela, kilimani, na mji unamhesabu kama msimamizi wake wa pili.

Gelmírez huyo huyo, pwani iliposhambuliwa na mashua za Waislamu kutoka kusini, aliagiza fundi wa merikebu kutoka Genoa, jina lake Ogerio, aje Iria kumjengea merikebu za makasia. Askofu mwenye jeshi la majini! Na mwaka 1111, katika vurugu za kugombea kiti cha mfalme, alimpaka mafuta na kumvika taji mtoto wa Urraca, Alfonso, aliyekuwa na umri wa miaka 6 hivi, ndani ya kanisa la Mtume. Ibada ikaishia kwenye karamu katika kasri la askofu. Tarikhi inaeleza kwamba wakuu wa Galicia ndio waliohudumu: Pedro Froilaz, mlezi wa mtoto, akiwa msimamizi wa meza, na mwanawe Rodrigo akishika silaha za mfalme mdogo. Kumbuka hiyo meza. Tutairudia, ikiwa ya mawe.

Sasa tufike kwenye kiini chenyewe.

Miaka ile Urraca alikuwa malkia mtawala wa León na Castilla kwa haki yake mwenyewe, tangu 1109 hadi kufa kwake 1126. Raymond alikwisha kufa. Akaolewa tena na Alfonso wa Aragón, ndoa ikavunjika kwa vita, na nchi nzima ikawa inavutwa huku na huku. Gelmírez naye alikuwa leo upande wa malkia, kesho upande wa mtoto. Katika mwanya huo wenyeji wa Compostela waliona nafasi. Hawakuwa mafukara. Walikuwa wabadili fedha, wenye nyumba za wageni, mafundi na wachuuzi, pamoja na baadhi ya mapadri waliokuwa na kinyongo na askofu. Walikuwa na fedha, hawakuwa na kauli. Mwaka 1116 wakaapishana udugu, na kwa karibu mwaka mzima wao ndio walioendesha mambo ya mji, huku malkia akiwachekea kwa kuwa aliyekuwa akikosana naye wakati huo ni askofu.

Halafu malkia na askofu wakapatana. Mwaka 1117 wakaingia mjini pamoja, na wenyeji wakajua kwamba wao ndio watakaolipa gharama ya mapatano hayo. Wakashika silaha. Askofu na malkia wakajifungia kwenye kasri, kisha wakaona halitahimili, wakakimbilia mnara wa kanisa. Kasri likavamiwa na kuporwa. Waasi wakapanda hadi juu ya paa la kanisa kuu, jengo ambalo lilikuwa bado halijakamilika, na mnara ulipogoma kuanguka wakautia moto kwa chini. Waliokuwa juu wakaanza kuungamana dhambi.

Waasi walipiga kelele kwamba malkia atoke, askofu na watu wake waungue. Urraca, baada ya kuahidiwa usalama, akatoka. Umati ukamkamata, ukamwangusha kwenye tope, ukamrarua nguo hadi akabaki uchi mbele ya watu, na bibi kizee mmoja akampiga jiwe la shavu. Mtawala wa nusu ya Hispania, katika tope, nje ya mlango wa kanisa.

Askofu alitoka baadaye. Alijitupia joho chakavu la mtu mwingine, akaficha uso, akashika msalaba mkononi, akapenya katikati ya watu waliokuwa wakimtafuta. Alimpita malkia akiwa pale pale chini, akaendelea na safari yake hadi akapata kanisa jirani la kujificha. Usiku akahamishwa kutoka maficho mpaka maficho hadi akatoka nje ya kuta. Ndugu yake hakubahatika. Aliuawa, na wengine waliotoka mnarani pamoja naye.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na kila nikiisoma nashindwa kuamua kama mwandishi anajua anachotuonyesha. Maana habari zote za siku ile zimetufikia kupitia makarani wa askofu mwenyewe. Wenyeji hawakuacha maandishi. Katika tarikhi wao ni mbwa mwitu, wasaliti, Yuda wapya. Madai yao tunayaokota katikati ya matusi waliyotukanwa. Lakini karani huyo huyo aliyelipwa kumsifu bosi wake ameandika kwamba bosi alimpita malkia katika tope. Labda aliona ni ushahidi wa hatari aliyokuwa nayo. Labda alichoka kupamba. Mimi napenda kudhani ni hilo la pili, ingawa sina cha kuthibitisha.

Malkia aliokolewa baada ya kuahidi mengi, na alipofika nje ahadi zikaisha. Jeshi likauzingira mji, wenyeji wakasalimu amri, wakatozwa faini nzito ya fedha na viongozi wao wakafukuzwa. Udugu ukavunjwa. Askofu akarudi, akakuta nyumba yake haifai.

Miaka mitatu baadaye Gelmírez alipata alichokuwa akikiwinda kwa muda mrefu. Papa Calixtus wa Pili, ambaye alikuwa ndugu wa Raymond yule wa Bourgogne, aliipandisha Compostela kuwa jimbo kuu, kwa kuihamishia hadhi ya Mérida iliyokuwa bado chini ya Waislamu. Kufika hapo kulihitaji zawadi za dhahabu na fedha kupelekwa kwa wakubwa wa Kanisa, na zilipitishwa Aragón kwa siri, kwa sababu njia ilikuwa ya adui. Hugo wa Porto, yule wa masalia, alisafiri amejivika ufukara. Tarikhi imeorodhesha matumizi bila kuona soni. Mwaka huo wa 1120 ndipo ujenzi wa kasri jipya ulipoanza, kandokando ya kanisa, upande wa kaskazini. Sababu iliyoandikwa ni kwamba askofu mkuu anastahili nyumba kubwa, yenye kimo, ya hadhi ya kifalme, inayotosha kuwapokea wakuu na watu wengi. Ya moto na mnara haikutajwa pale kama sababu. Haikuwa na haja.

Ukiangalia mahali kasri lilipowekwa utaona akili yake. Limegandana na kanisa. Chini yake kuna njia ya matao inayoshuka kutoka uwanja wa kaskazini hadi uwanja wa mbele, na atakayepita hapo anapita chini ya nyumba ya askofu. Siku hizi njia hiyo imeachiwa wapiga zumari wa Kigalicia, na mwangwi wa mawe unawasaidia kuonekana watano wakati yuko mmoja. Uwanja huo wa kaskazini zamani uliitwa Paradiso, na ndio ulikuwa mlango wa mahujaji wa njia ya Ufaransa. Kitabu cha karne ya 12 kinachohifadhiwa katika kanisa kuu, Codex Calixtinus, kinasema pale palikuwa pakiuzwa kombe, ile alama ya mahujaji, pamoja na viriba vya divai, viatu, mikoba ya ngozi ya kulungu, mikanda na dawa za miti. Katikati palikuwa na chemchemi iliyokamilishwa na Bernardo, mtunza hazina wa kanisa, mwaka 1122: beseni la jiwe moja, pana kiasi cha kuogea watu 15 kwa raha, na simba wanne wakitema maji. Maji yaliletwa kwa mfereji kutoka nje ya mji. Mahujaji waliyanywa bure, na kila aliyeyanywa alijua nani aliyeyaleta. Na mwenye nyumba, dirishani kwake, aliweza kuliona soko lake lote.

Amani haikudumu. Mwaka 1136 wenyeji waliamka tena, na safari hii Gelmírez, mzee tayari, alikimbilia altareni kwa Mtume huku mawe yakimfuata hadi humo ndani. Yule mtoto aliyemvika taji alikuwa sasa Alfonso wa Saba, mtu mzima mwenye vita vingi na madeni, na alikuwa akimkamua askofu mkuu fedha kila alipopata nafasi. Gelmírez alifariki takriban mwaka 1140.

Kwa hiyo tukisema Kasri la Gelmírez tusidhani kila tunachokiona ni chake. Nyumba imeendelea kujengwa juu yake yenyewe kwa karibu miaka 150 ya kwanza, kisha karne za baadaye zikaiongezea ghorofa na kuifunika uso. Ukumbi wa chini, wanaouita wa silaha, umegawanywa na nguzo zilizofungamana kama mafungu ya matete, na mkono wa mafundi wa shule ya Mwalimu Mateo, yule aliyechonga Lango la Utukufu la kanisa kuu, unaonekana humo. Kuna na jiko lenye bomba la moshi. Vyote hivyo ni vya kutazama. Lakini ninachomwambia kila mtu asikikose kiko juu.

Ghorofani kuna ukumbi mmoja mrefu, zaidi ya mita 30, upana mita 8 na kitu. Hakuna nguzo hata moja katikati. Dari lote ni matao yanayopishana, na miguu ya matao hayo haifiki sakafuni. Inaishia ukutani, juu ya mawe yaliyochomoza. Mafundi wa siku zile walijua kubeba uzito hivyo katika makanisa, wakaamua kufanya vivyo hivyo kwenye chumba cha kulia. Ukumbi huu ni wa karne ya 13, wakati wa Askofu Mkuu Juan Arias, aliyekaa kwenye kiti toka 1238 hadi 1266. Huyo naye alikuwa mtu wa mipango mikubwa: mwaka 1258 alianza kuibomoa mawazoni sehemu ya altare ya kanisa kuu ili ajenge mpya ya mtindo wa Gothiki, misingi ikachimbwa, kazi ikafia hapo. Misingi hiyo bado iko chini ya uwanja wa Quintana.

Mawe yale yaliyochomoza ndiyo yamechongwa karamu. Yako chini kiasi kwamba huhitaji kukaza shingo; unayakabili uso kwa uso. Watu wameketi mezani, kitambaa cha meza kikishuka kwa mikunjo. Mtumishi anakuja na sahani. Mwingine ameshika empanada, ule mkate wa Galicia unaotiwa nyama au samaki ndani na kufunikwa juu, ambao hadi leo utaupata katika kila tanuri la mkate la mjini, umekatwa vipande na kuuzwa kwa uzani. Kuna wenye mataji. Kuna anayebariki. Na kuna wanamuziki, wengi: wenye vinubi, wenye zeze za upinde, na ile ala nzito ya nyuzi inayozungushwa kwa mpini. Mashavu ya mlaji mmoja yamevimba kwa tonge. Fundi hakumhurumia.

Wataalamu wamebishana hii ni karamu gani. Wako waliosema ni harusi ya kifalme, wengine wakaitaja ile ya Alfonso wa Tisa. Wako wanaoiona kama karamu ya mbinguni iliyovikwa nguo za duniani. Mimi sio mtaalamu, lakini nimekaa chini ya mawe yale nikaona kwamba aliyeyachonga alikuwa anaangalia jiko. Anajua sahani moto hushikwaje. Anajua mpiga zeze huinamisha kichwa upande gani. Vitu vya mbinguni havichongwi kwa uhakika wa namna hiyo. Na askofu mkuu aliyekaa kwenye kiti chake mwisho wa ukumbi, wageni wakila chini ya mawe yanayokula, alikuwa anawaambia jambo moja tu bila kufungua mdomo: hapa hakupungui kitu.

Kilichokuwa hakipungui kilitoka wapi, hilo halikuchongwa. Kulikuwa na kodi za pango, ushuru wa soko, sadaka za mahujaji, na Voto de Santiago, yaani Nadhiri ya Mtakatifu Yakobo, mchango wa nafaka na divai uliotozwa wakulima wa sehemu kubwa ya Hispania kwa hoja kwamba mfalme mmoja wa zamani aliahidi hivyo baada ya Mtume kumsaidia vitani. Vita vyenyewe, vya Clavijo, wanahistoria wengi hawaamini kama vilitokea. Hati ya ahadi ilighushiwa katika karne ya 12, na padri wa Compostela ndiye anayehusishwa nayo. Mchango uliendelea kukusanywa mpaka karne ya 19. Hebu fikiria: mkulima wa Castilla ambaye hajawahi kuiona bahari ya Galicia analipia mlo wa watu hawa wa mawe kwa karatasi ya uongo, na watoto wake, na wajukuu, kwa karne kadhaa.

Juan Arias mwenyewe inaonekana hakuuamini sana ukumbi wake. Anahusishwa pia na ujenzi wa ngome nyingine, Rocha Forte, nje kidogo ya mji, kwenye njia ya kwenda Iria na pwani. Maaskofu wakuu walipoona hali ya mji si shwari walihamia huko. Mwaka 1317 Papa alimteua Berenguel de Landoira, Mfaransa wa shirika la Wadominiko, na wenyeji wakamfungia malango. Alihangaika miaka kabla ya kuumiliki mji. Mwaka 1320 aliwaita viongozi wa mji Rocha Forte kwa mazungumzo, akiwemo Alonso Suárez de Deza, na walipofika wakauawa. Hiyo pia imeandikwa na mtu wa upande wa askofu, kama ushindi.

Mwaka 1366 zamu ikageuka: Askofu Mkuu Suero Gómez de Toledo aliuawa mlangoni pa kanisa lake, Mfalme Pedro wa Kwanza akiwa mjini, na dekano wa kanisa akauawa pamoja naye. Na mwaka 1467 wakulima, mafundi na watu wa miji ya Galicia, wanaojulikana kama Irmandiños, waliinuka wakabomoa ngome zaidi ya mia moja katika nchi nzima. Rocha Forte ilikuwa miongoni mwa zilizoangushwa, na haikuinuka tena. Leo wanaakiolojia wanaichimba, na reli inapita hapo jirani.

Kasri la mjini lilinusurika. Nadhani ni kwa sababu ya ule ujanja wa kuligandisha kwenye kanisa: kulibomoa ni kumgusa Mtume, na Mtume ndiye aliyewalisha wote, wenye mji na wenye kasri. Hujaji akikoma kuja, hakuna wa kumtoza wala wa kumpindua.

Hadi sasa hajakoma. Mwaka 2024 ofisi ya mahujaji ilisajili karibu watu laki tano waliofika kwa miguu, kwa baiskeli au juu ya farasi. Kasri linatembelewa kwa tiketi ya makumbusho ya kanisa kuu, na mara nyingi kumbi zake hufungwa kwa ajili ya maonyesho, kwa hiyo uliza kwanza kabla hujalipa. Mimi niliwahi kukuta paneli za maonyesho zimesimamishwa mbele ya nusu ya karamu, ikabidi niwachungulie walaji kwa pembeni.

Mamlaka ya askofu mkuu juu ya mji yalikoma katika karne ya 19, pamoja na ya mabwana wengine wa ardhi wa Hispania. Ukitoka kasri na kuvuka uwanja, jengo refu lililokabili kanisa ni la Raxoi. Lilianza kujengwa mwaka 1766 kwa amri ya askofu mkuu mwingine, Bartolomé Rajoy, ambaye jina lake ndilo linaloitwa hadi leo, na alilipangia kazi kadhaa kwa pamoja: mapadri waungamishi, watoto wa kwaya, gereza, na baraza la mji. Gereza limeondoka na kwaya imeondoka. Baraza limebaki. Madiwani wa Compostela, waliopigiwa kura na wenyeji, wanafanya vikao vyao ndani ya nyumba iliyojengwa na askofu, na meya akifungua dirisha, ule ukuta wa kijivu uko mbele yake, mkono wa kushoto.